Anayehamia nyumba ya kwanza alinde siri zake anaponunua vyombo

KIJANA anayepata kazi na kuamua kuondoka kwa wazazi huwa na orodha ndefu ya mahitaji: godoro, jiko la gesi, sufuria, ndoo, mapazia na pengine runinga. Jambo lisiloandikwa katika orodha hiyo ni kwamba katika majuma hayo machache, atatoa nambari ya simu, kitambulisho na habari za mapato yake kwa watu wengi asiowajua.

Wakala, mwenye nyumba, mtunzaji wa ploti, muuzaji wa fanicha, mwendeshaji bodaboda anayeleta mizigo, kampuni ya intaneti na programu ya mikopo, kila mmoja hubaki na kipande cha habari. Kipande kimoja huenda kisiwe na madhara. Vikikusanywa, humwezesha tapeli kujifanya ndiye mwenye laini, akaomba laini mpya kwa nambari ile ile na kuzoa akiba yote iliyo katika M-Pesa. Ndiyo maana kupanga nyumba na kulinda siri ni kazi moja.

Wakati wa kusaka nyumba

Nyumba nyingi siku hizi hutangazwa katika Facebook na WhatsApp. Matapeli hunakili picha za nyumba za watu wengine, wakataja kodi nafuu, kisha wakadai ada ya kutazama au amana ili 'kumwekea' mteja nafasi. Anayetafuta nyumba asitume pesa wala nakala ya kitambulisho kabla ya kuiona nyumba kwa macho yake na kuzungumza na wapangaji wanaoishi humo.

Mwenye nyumba ana sababu ya kumjua mpangaji wake, hivyo kuulizwa jina, nambari ya simu na ya kitambulisho si ajabu. Hata hivyo, nakala inayotolewa ichorwe kwa kalamu maneno yanayoeleza kazi yake, kwa mfano 'kwa mkataba wa nyumba pekee', pamoja na tarehe. Maandishi hayo yapite juu ya picha na nambari bila kuzifunika, ili nakala hiyo iwe vigumu kutumika kwingine. Aidha, kodi ilipwe kwa nambari ya malipo au akaunti iliyotajwa katika mkataba, na jina linalotokea kwenye simu lisomwe kabla ya kukamilisha malipo.

Vyombo vya kutangulia

Cha kwanza kununuliwa ni kufuli mpya, au kitasa kipya kwa idhini ya mwenye nyumba, kwa kuwa haijulikani ni wangapi walio na ufunguo wa zamani. Cha pili ni pazia zito. Pazia jepesi huzuia macho ya mchana, lakini taa inapowashwa usiku aliye nje huona kila kilichomo.

Godoro na vyombo vya kupikia vifuate. Mtungi wa gesi wa kilo 6 humtosha mtu anayeishi peke yake. Ununuliwe kwa muuzaji mwenye leseni, na kifuniko kikaguliwe. Baada ya kuunganisha, povu la sabuni lipakwe kwenye maungio. Likitoa mapovu, gesi inavuja. Kamwe kiberiti kisitumiwe kwa ukaguzi huo. Friji na runinga vinaweza kungoja mshahara wa pili au wa tatu.

Vifaa vilivyotumika huokoa pesa, lakini baadhi huja na siri za mwenyewe wa awali. Simu, runinga ya kisasa au kipanga njia cha intaneti kirejeshwe katika hali ya kiwandani kabla ya kutumiwa. Kwa simu, mnunuzi abonyeze *#06# na kulinganisha nambari inayotokea na ile iliyo kwenye kasha na risiti. Zikitofautiana, huenda simu hiyo ni ya wizi.

Mtego wa kulipa polepole

Ukosefu wa fedha huwafanya vijana wengi kukopa kupitia simu ili kununua vitu. Programu ikiomba ruhusa ya kusoma orodha ya marafiki, arafa na picha, mkopaji ajiulize habari hizo zina uhusiano gani na runinga anayoitaka. Katika miaka iliyopita, baadhi ya wakopeshaji waliwapigia simu jamaa na waajiri wa waliochelewa kulipa na kuwaaibisha. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 zilipiga marufuku tabia hiyo na kuwataka wakopeshaji wa kidijitali kuwa na leseni. Mkopaji mwerevu huhakikisha kwanza kwamba kampuni imo katika orodha ya benki hiyo.

Intaneti na simu

Kipanga njia huwa na nywila mbili, moja ya kujiunga na mtandao na nyingine ya kubadilisha mipangilio yake. Zote zibadilishwe siku ya kwanza, kwa kuwa zile za kiwandani mara nyingi huandikwa ubavuni au hufahamika na wengi. Kamera za usalama za bei nafuu nazo zibadilishwe nywila, na zielekezwe mlangoni, si kitandani.

Nambari ya siri ya M-Pesa isiwe mwaka wa kuzaliwa, ambao umo kwenye kitambulisho. Barua pepe na WhatsApp ziwekewe uthibitisho wa hatua mbili. Kwa kubonyeza *106#, mteja huona nambari zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, na asiyoitambua airipoti. Simu ikipoteza mawasiliano ghafla huku za majirani zikifanya kazi, apige kwa kampuni yake mara moja akitumia simu nyingine.

Makasha ya vifaa vipya yasitupwe nje yakiwa na jina na nambari ya simu ya mnunuzi. Karatasi hizo zichanwe, nazo risiti zihifadhiwe kwa ajili ya dhamana. Picha za nyumba mpya zinazowekwa mitandaoni zisionyeshe nambari ya mlango wala jina la jengo.

Haki ya mwananchi

Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha, ikiwemo haki ya mtu kutotakiwa kutoa habari zake za kibinafsi pasipo sababu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa kila mtu haki ya kuelezwa jinsi habari zake zitakavyotumika, kuziona, kupinga matumizi yake na kudai zilizo na makosa zirekebishwe.

Aliyekosewa anaweza kuwasilisha malalamiko kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambayo sheria inataka yachunguzwe na kukamilishwa katika siku 90. Malalamiko hayo si bure bilashi. Mnamo Septemba 2023, Kamishna alitoza kampuni moja ya mikopo faini ya Sh2.975 milioni kwa kutumia majina na nambari za watu ilizozipata kwa wengine.

Kwa hivyo, anayeombwa habari asione haya kuuliza swali moja: 'Ni ya nini?' Mwenye nia njema atakuwa na jibu. Asiye nalo anyimwe, hata kama anauza godoro kwa bei ya kutupa.