Kelele Ndani ya Shimesikio

Shimesikio, yaani kifaa kidogo kinachovaliwa na mtu mwenye usikivu hafifu ili kumkuzia sauti, ilikuwa na kasoro moja kwa miongo mingi: ilikuza kila kilichosikika. Shule ya viziwi ya Tabora ilipoanzishwa mwaka 1963, transista, kiungo cha kielektroniki kilichoanza kutiwa ndani ya shimesikio mwishoni mwa 1952, ilikuwa imekwisha kuzipunguza sana umbo. Hata hivyo mvua iliyopiga bati la darasa ilikuzwa pamoja na sauti ya mwalimu.

Nafuu ya kwanza ililetwa na maikrofoni elekezi, inayopokea zaidi sauti za mbele kuliko za nyuma, ambayo ilianza kutumika karibu na mwaka 1970. Ya pili ilitokana na uchakataji wa mawimbi, yaani kugeuza sauti kuwa namba na kuzifanyia hesabu. Mwaka 1979 Steven Boll wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, alichapisha mbinu ambayo kompyuta hukadiria kelele wakati msemaji amenyamaza, kisha huondoa kiasi hicho anapozungumza. Lakini ilikuwa mwaka 1996 ndipo kampuni za Denmark, Widex na Oticon, zilipouza shimesikio za kidijitali zinazoenea sikioni.

Hesabu hizo hutegemea tofauti moja, ambayo matangazo ya biashara hayapendi kuieleza: usemi hupanda na kushuka mara kadhaa kwa sekunde, ilhali kelele nyingi huvuma kwa kiwango kimoja. Kwa hiyo huko Nyabibuye, katika nyanda za juu za Kigoma, mvua juu ya bati na mngurumo wa mashine ya kusaga ni kelele zinazopunguzika, lakini sokoni, ambako kelele yenyewe ni mazungumzo ya watu wengine kwa Kiha, lugha ya wenyeji, kifaa hakina cha kushika. Tafiti nyingi zilionyesha kwamba wavaaji walipata utulivu, si maneno zaidi.

Mwaka 2013 Eric Healy, DeLiang Wang na wenzao wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio walionyesha kwamba mtandao wa nyuroni, yaani programu inayojifunza kwa mifano mingi, uliwawezesha wenye usikivu hafifu kuelewa maneno mengi zaidi hata katikati ya mchanganyiko wa sauti za watu. Sentensi za jaribio hilo zilikuwa za Kiingereza. Kiha ni lugha ya toni, ambamo kupanda au kushuka kwa sauti kwaweza kubadili maana ya neno, hivyo programu inayosafisha usemi wake inapaswa kupimwa kwa wazungumzaji wake wenyewe.