Vichochoro vya York vyahifadhi historia ya wasioandika vitabu

MJI wa York, ulioko kaskazini mwa Uingereza, ni miongoni mwa miji michache ya nchi hiyo ambayo mitaa yake ya leo bado inafuata njia zilizokanyagwa zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Ndani ya ukuta wake wa mawe mna vichochoro ambavyo vingine haviwatoshi watu wawili wanaokwenda bega kwa bega. Vingi kati yake vina majina yanayoeleza kazi za watu wa kawaida ambao hawakuacha maandishi yoyote.

Historia hiyo ilianza mwaka 71 Baada ya Kristo, wakati jeshi la Warumi lilipojenga ngome mahali hapo na kupaita Eboracum. Ngome ilianguka, lakini barabara zake kuu hazikufutika. Mitaa ya Stonegate na Petergate, ambayo leo imejaa maduka, inafuata kwa karibu njia walizopita askari hao.

Mwaka 866 mji ulitekwa na Wavikingi kutoka Skandinavia, nao wakauita Jorvik. Lugha yao ndiyo iliyoacha neno "gate" mwishoni mwa majina ya mitaa mingi. Mgeni anayejua Kiingereza hudhani kuwa neno hilo lina maana ya lango, kumbe asili yake ni "gata", yaani njia. Malango yenyewe ya ukuta huitwa "bar", kama vile Bootham Bar na Micklegate Bar.

Vivyo hivyo, jina la mtaa wa Coppergate halihusiani na shaba. Huo ulikuwa mtaa wa mafundi wa kukereza vikombe vya mbao. Uchimbaji wa wanaakiolojia, uliofanyika kati ya mwaka 1976 na 1981, ulifukua mabaki ya nyumba, viatu vya ngozi, zana na masalia ya kazi hiyo ya ukerezaji.

Mtaa unaojulikana kuliko yote ni Shambles. Jina lake linatokana na neno la kale la ubao wa kupangia nyama ya kuuza. Ghorofa za juu za nyumba zake zimejitokeza mbele kiasi cha kukaribia kugusana, na kivuli chake kiliikinga nyama isipigwe na jua. Mwaka 1872 mtaa huo ulikuwa bado na mabucha 25. Leo halimo hata moja.

Katika mtaa huo wa wauza nyama aliishi Margaret Clitherow, mke wa mwenye bucha, aliyeshitakiwa kwa kuwaficha mapadri wa Kikatoliki wakati dini hiyo ilipopigwa marufuku. Alikataa kujibu mashitaka, akauawa mwaka 1586 kwa kugandamizwa chini ya mizigo mizito. Papa Paulo wa Sita alimtangaza kuwa mtakatifu mwaka 1970.

Hata hivyo, njia hizo hazikuwa kivutio kwa kila aliyeishi humo. Katika karne ya 19, familia maskini zilisongamana katika nyua finyu zilizokosa hewa na maji safi. Seebohm Rowntree, katika kitabu chake cha mwaka 1901, alionyesha kuwa zaidi ya robo ya wakazi wa York waliishi katika umaskini. Makazi duni ya eneo la Hungate yalibomolewa katika miaka ya 1930, na vichochoro vyake vikatoweka pamoja nayo.

Hivyo basi, swali la kubomoa au kuhifadhi limeuandama mji huo kwa muda mrefu. Mwaka 1800 watawala wa mji walitaka kuubomoa ukuta wenyewe, na mchoraji William Etty alikuwa miongoni mwa waliopigania ubaki. Mwaka 1968 ripoti ya Lord Esher ilipendekeza kuwa mji wa kale uhifadhiwe, lakini uendelee kuwa mahali pa watu kuishi na kufanya biashara.

Vichochoro hivyo sasa huitwa kwa pamoja "snickelways", jina lililobuniwa na Mark Jones katika kitabu chake cha mwaka 1983.

Mfano mzuri ni Coffee Yard, panapopatikana Barley Hall, jumba lililojengwa yapata mwaka 1360. Kadiri karne zilivyopita, ujia wa ndani wa jumba hilo uligeuka kuwa njia ya mkato ya umma, na jumba lenyewe likasahauliwa nyuma ya kuta za majengo mapya hadi lilipogunduliwa katika miaka ya 1980. Lilikarabatiwa na kufunguliwa kwa wageni mwaka 1993, na wapita njia hawakunyimwa haki yao: hadi leo wanaendelea kupita papo hapo.