Ndege wa safari: wanafika Kolwezi na mvua, wanaondoka mvua ikiisha

Kila mwaka, mvua za mwisho zinapokaribia, wakaaji wa Kolwezi wanaona jambo moja. Waya za umeme zinajaa ndege wadogo weusi wenye mikia ya makasi. Wanakaa mstari mmoja, wanatengeneza manyoya, wanaruka wote pamoja, kisha wanarudi kukaa. Inakuwa hivyo siku kadhaa. Halafu asubuhi moja waya ziko tupu, na watoto wanauliza: "Tule tundege twa ku waya tumeenda wapi?"

Jibu ni fupi: wamerudi kuzaa Ulaya, wengine mpaka Urusi. Kutoka Kolwezi mpaka Bruxelles ni karibu kilometa 7,000 angani. Anayefanya safari hiyo ni mbayuwayu, na uzito wake ni gramu 20 hivi, karibu sawa na pile moja ndogo ya radio.

Makala hii inaeleza ndege hao ni wa namna gani, wanakuja lini, namna ya kuwaangalia ukiwa ndani ya lupango lako, na kwa nini mti mmoja wa Dilala ama wa Manika una maana katika safari yao.

Kwa nini wanakuja

Ulaya, mwezi wa tatu mpaka wa tano ni majira ya machipuko. Watu kule wanakaa bustanini wakingoja ndege wa kwanza kurudi, na wanaandika tarehe. Kwetu Lualaba mambo yamegeuka: machipuko ya Ulaya ndiyo wakati wetu wa kuaga. Kupokea wageni kunafanyika tangu mwezi wa tisa mpaka wa kumi na moja, mvua inapoanza.

Sababu kubwa ni chakula. Baridi ikiingia Ulaya, wadudu wanaoruka wanapotea, na ndege anayekula wadudu tu hawezi kubaki. Wakati huohuo, huku kwetu mvua ya kwanza inatoa kumbikumbi ardhini. Watoto wanakimbia na masahani na ndoo, na juu ya vichwa vyao ndege wanakula kumbikumbi walewale. Hawangoji njaa iwafukuze kwao. Mwili wao una saa ya ndani inayowaambia wakati wa kuondoka umefika.

Zamani watu wa Ulaya hawakujua jambo hilo. Wengine waliamini kwamba mbayuwayu wanalala chini ya matope ya mito mpaka baridi iishe. Mwaka 1822, kule Ujerumani, watu waliua korongo mweupe mwenye mkuki wa Kiafrika umepita shingoni. Alikuwa amepigwa Afrika, akaruka nao mpaka kwao. Korongo huyo amehifadhiwa mpaka leo katika chuo kikuu cha Rostock. Kisha, mwezi wa tano 1911, Mwingereza John Masefield alimvalisha mbayuwayu pete ya chuma mguuni. Mwezi wa kumi na mbili 1912 ndege yule alipatikana Natal, Afrika Kusini. Tangu hapo hakuna aliyebisha tena.

Wageni wa lupango

Si lazima kwenda porini. Wengi wanapita juu ya nyumba ama wanatua katika mwembe wa nyuma ya jiko.

Mbayuwayu wa Ulaya, kwa Kifaransa hirondelle rustique. Mgongo wake ni mweusi wa kung'aa kama buluu, koo na paji la uso ni nyekundu ya kahawia, na mkia una ncha mbili ndefu. Huyu hajengi kiota kwetu. Ukiona mbayuwayu anabeba matope kujenga chini ya baraza ama chini ya daraja, huyo ni wa jamaa zake wa hapahapa Afrika.

Teleka, yaani martinet noir. Anafanana na mbayuwayu, lakini mabawa yake ni marefu kama mundu na hatui kwenye waya hata siku moja. Mwaka 2016 watafiti wa chuo kikuu cha Lund, Sweden, walionyesha kwamba baadhi ya ndege hawa wanaweza kukaa angani miezi 10 bila kutua. Wanakula angani na kupumzika angani.

Ndege wa nyuki, guêpier d'Europe. Ana rangi nyingi: koo la njano, kifua cha buluu na kijani, mgongo wa kahawia. Mara nyingi unamsikia mbele ya kumwona, juu kundi zima linaitana kwa sauti ya kuviringika likiwa juu sana. Anapita wakati wa kuja na wakati wa kurudi.

Pouillot fitis. Huyu ndiye mdogo kuliko wote, gramu 9 hivi, rangi yake kama jani linaloanza kukauka. Anajificha kwenye majani ya mwembe ama ya mti wa avoka, akitafuta wadudu wadogo bila kutulia. Watu wengi wanakaa naye lupango moja miezi mingi bila kujua. Wengine wa kabila lake wanatoka mpaka Siberia.

Korongo mweupe, cigogne blanche. Miguu na mdomo ni nyekundu, ncha za mabawa nyeusi. Anapenda mashamba na majani mafupi, anakula nzige na viwavi. Wakaaji wa Kivu na wa pembeni ya ziwa Tanganyika wanaweza kuona makorongo na tai wakipita kwa makundi, wakizunguka juu ya milima ili hewa ya moto iwapandishe bila kupiga mabawa.

Kuna pia wasafiri wasiotoka Afrika kabisa. Mwewe wa mdomo wa njano, yule mwizi wa vifaranga, anafika kwetu kuzaa mwisho wa kiangazi na kuondoka mvua zikielekea kwisha. Kekeo wa kifua chekundu, coucou solitaire, anaita kwa sauti tatu zinazoshuka, akirudiarudia kutwa nzima. Anafika na mawingu ya kwanza, ndiyo maana fasi nyingi anaitwa ndege wa mvua. Na usiku, mwezi wa tisa ama wa kumi, katika pori la miombo, dume la engoulevent porte-étendard linaruka na manyoya mawili marefu yakimfuata kama bendera. Akimaliza kuzaa anavuka ikweta kwenda kaskazini.

Manyoya yanaota hapa

Watu wengi wanafikiri ndege hawa ni wa Ulaya, na kwetu wanakuja kutembea tu. Ukweli ni mwingine. Mbayuwayu anabadilisha manyoya yake ya kurukia akiwa Afrika, na kazi hiyo inachukua miezi. Unyoya unaotoka unajengwa na kile ndege anachokula wakati huo. Kwa hiyo bawa litakalomvusha Sahara mwezi wa tatu ama wa nne limejengwa na mbu, inzi na kumbikumbi wa Afrika. Wanasayansi wakipima unyoya wake kule Ulaya, wanaweza kukisia ulioteshwa katika eneo gani la Afrika.

Baada ya manyoya, mafuta. Ndege mdogo anakula sana mbele ya kuvuka jangwa, na wengine uzito wao unakaribia kuwa mara mbili. Asiyepata chakula cha kutosha anaanguka njiani. Mwaka 2011, Waingereza wa shirika la BTO walifunga vyombo vidogo vya setilaiti kwenye makekeo 5 madume ya kwao, na vyombo vikaonyesha yanakuja kukaa katika bonde la Kongo. Kilichowashughulisha ni kwamba makekeo yalikuwa yanapungua Uingereza, na jibu halikuweza kutafutwa Uingereza peke yake.

Ndiyo maana mambo ya Lualaba yana uzito. Kolwezi ilianzishwa mwaka 1937 kwa ajili ya migodi, na mpaka leo mji unaishi kwa mukuba na kobalti. Miti ya miombo inakatwa kwa makala, kwa sababu bila makala chungu hakiivi katika nyumba nyingi. Mito kama Musonoi na Luilu inapita kati ya migodi. Metali zikizidi kwenye mayi, vifaranga vya wadudu vinakufa, na ndege anayekula wadudu anakosa chakula hata kama mti wa kutua bado uko. Katika mtaa wa Kasulo, kobalti ilipoonekana chini ya nyumba mwaka 2014, watu walichimba mpaka ndani ya malupango. Mtu aliye na watoto wa kusomesha hawezi kulaumiwa kwa kutafuta pesa. Lakini lupango likishakuwa shimo, mwembe wake haurudi kesho.

Fasi za kuangalia na namna yake

Saa nzuri ni asubuhi, tangu saa kumi na mbili mpaka saa tatu, na jioni mbele ya giza. Lupango lenye mti wa matunda linatosha. Dembo lenye mayi na majani marefu ni zuri zaidi: jioni mbayuwayu wanashuka kwa makundi makubwa kulala kwenye matete. Pembeni ya ziwa Nzilo, ziwa la bwawa la umeme kaskazini ya Kolwezi, kunaonekana ndege wa tope wenye miguu mirefu, wengi wao wasafiri pia.

Darubini, ama jumeli kama wengi wanavyosema, inasaidia lakini si sherti. Macho na masikio yanafanya kazi kubwa. Kama uko nayo, usiielekeze kwenye mlango wa mgodi, kambi ya askari ama uwanja wa ndege. Mtu anaweza kukamatwa bure. Usiingie pia kwenye mabwawa ya takataka za migodi, hata kama ndege wanatua pale. Mayi yale si ya kuchezea.

Chukua kaye na biki. Andika tarehe, saa, fasi, hesabu ya ndege na walichokuwa wanafanya. Tarehe mbili zina maana kuliko zote: siku uliyoona mbayuwayu wa kwanza mwezi wa tisa ama wa kumi, na siku uliyoona wa mwisho mwezi wa tatu ama wa nne. Mwaka mmoja hauonyeshi kitu. Miaka kumi ya mwalimu mmoja na wanafunzi wake inaweza kuonyesha kama ndege wanachelewa ama wanapungua.

Kazi kama hiyo haidharauliwi. Mfano uko jirani, Haut-Katanga, kwenye ziwa Tshangalele karibu na Likasi. Mwaka 1960 alikamatwa pale mnana mmoja wa njano, na kwa miaka karibu 50 sayansi ilimjua kwa ndege yule mmoja tu. Mwaka 2009 Michel Louette na Michel Hasson walitangaza kwamba wamemwona tena, yuko hai, anajenga viota vyake. Hakuwa amepotea. Kilichokosekana ni mtu wa kuangalia na kuandika.

Ukipata ndege mwenye pete

Mara moja moja mtoto anaokota ndege mwenye pete ndogo ya chuma mguuni. Pete hiyo haina uchawi na haina pesa. Juu yake kuna namba na jina la mji ama la makumbusho, kwa mfano Museum Paris ama Helgoland. Kama ndege yuko hai, soma namba, piga picha na simu, mwachie aende. Usitoe pete. Kama amekufa, hifadhi pete. Andika tarehe na fasi, kisha peleka habari kwa EURING, shirika linalounganisha vituo vya pete vya Ulaya, kwa njia ya intaneti. Watakujibu ndege alivalishwa pete wapi na mwaka gani.

Kuhusu manati, wazazi wanajua kazi yao. Inchi yetu imekubali mapatano ya kimataifa ya kulinda wanyama wanaohama, yaliyofanyika Bonn mwaka 1979, na Sheria namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 inaweka kanuni za kuhifadhi wanyama na mimea. Lakini mbele ya sheria kuna hesabu rahisi: mbayuwayu mmoja anakula wadudu wengi kila siku, na mbu ni mmoja wao.

Anayetaka kufanya kitu anaweza kuanza lupangoni: aache mwembe usimame, apande mwingine fasi ya uliokatwa, asimwage dawa ya wadudu ovyo kwenye bustani ya mboga. Kisha, waya zikijaa tena mvua ikielekea kwisha, mtoto akiuliza wanaenda wapi, ajibiwe. Na apewe kaye, aandike ile tarehe.