Tairi za trela ya boti: soma ubavu, meno hudanganya

Kusi ikilegea, trela zilizolala miezi chini ya minazi huko Diani, Gazi na Shimoni huanza kurudi barabarani na boti juu yake. Huo ndio wakati wa kuinama na kusoma ubavu wa tairi. Mimi sikusoma. Nilikuwa natoka Ukunda nikielekea Msambweni, na karibu na Gazi tairi ya kulia ikapasuka. Trela ikayumba hadi upande wa pili, na kijana wa bodaboda aliyekuwa akija akajitupa vichakani. Aliinuka akajipangusa, alhamdulillahi. Tairi yenyewe ilikuwa na meno mazuri kabisa.

Ilikuwa ya gari dogo, namba 91. Namba hiyo huandikwa baada ya saizi, na huonyesha mzigo ambao tairi moja inaweza kubeba: 91 ni kilo 615. Boti yangu ya faiba, injini, mafuta na trela yenyewe ni kama kilo 1,600. Magurudumu ni 2, kwa hivyo kila moja lilibeba kilo 800. Hesabu ya mtoto wa shule, na sikuifanya.

Sasa natumia tairi za matatu aina ya Hiace, zenye herufi C mwisho wa saizi. 195R15C nyingi huandikwa 106/104. Hiyo 106 ni kilo 950, gurudumu likiwa peke yake kila upande. 104 ni ya magurudumu yanayofungwa mawili mawili kama ya lori, usiihesabu. Rimu nayo iwe ya kubeba uzito huo. Usikisie uzito: omba kupimiwa kwenye mizani ya malori, boti ikiwa na kila kitu ndani.

Jaza upepo ulioandikwa ubavuni kwa mzigo kamili, asubuhi tairi ikiwa baridi. Ukipungua, ubavu hujikunja kila mzunguko na kupata moto, na moto huo ndio unaopasua.

Kisha tafuta tarakimu 4 za mwisho kwenye mstari wa DOT. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ya trela huzeeka imesimama juani kabla meno hayajaisha. Mimi huitoa ikifika miaka 6, na mitumba sinunui tena. Ikishapakwa rangi nyeusi, nyufa huzioni.

Ukifika pwani, ngoja beringi zipoe kabla ya kuzamisha trela. Zikiingia baharini na moto wake hunyonya maji ya chumvi. Baadaye suuza kwa maji ya kisima, kama kisima chenu si cha chumvi pia. Kusi ikirudi, inua trela juu ya mawe na ufunike tairi kwa makuti.

Na spea iwe saizi ile ile. Yangu siku ile ilikuwa ya inchi 13, tukalala Gazi.