Marikebu Iliyozama Chini ya Ngome

Aingiaye makumbusho ya Ngome ya Yesu, Mombasa, huonyeshwa vitu vilivyopatikana katika Santo António de Tanna, marikebu ya vita ya Wareno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697, Waomani walipokuwa wakiizingira. Wazamiaji waliichimbua tangu 1977 hata 1980.

Nilisimama kitambo mbele ya vigae na kaure, nikauwaza mtepe wetu. Huo ulishonwa kwa kamba za nazi pasipo msumari wa chuma, na tanga lake lilikuwa mkeka. Mitepe ya asili imetoweka. Twatazama mifano tu. Ushahidi wa mwenyeji, kwa maoni yangu, umesalia zaidi katika maneno ya mabaharia: demani, ngama, foromali. Nikawauliza wanafunzi niliofuatana nao. Foromali aliijua mmoja tu, mtoto wa nahodha.