Ivan Meštrović, mchunga kondoo wa Kroatia aliyekuwa mchongaji wa sanamu

Ivan Meštrović ni mchongaji wa sanamu kutoka Kroatia, inchi ya Ulaya iliyo kando ya bahari ya Adriatiki. Alizaliwa tarehe 15 Agosti 1883, akafariki tarehe 16 Januari 1962 huko Marekani. Kati ya siku hizo mbili alipita katika vita vikuu viwili vya dunia, gereza na ukimbizi, huku akichonga mawe na mbao na kutengeneza sanamu za bronzi. Wakubwa wa serikali mbalimbali walitaka awe mtu wao. Aliwakatalia zaidi ya mara moja, lakini watu wa kwao aliwaachia sehemu kubwa ya kazi zake.

Mtoto wa Otavice

Wazazi wake walikuwa wakulima maskini wa Otavice, kijiji cha mawe mengi huko Dalmatia. Yeye mwenyewe alizaliwa Vrpolje, mbali na kwao, sababu wazazi walikuwa wamekwenda kule kutafuta kazi ya mashamba. Utotoni alichunga kondoo. Shule ya kawaida hakuipata, kusoma alijifunza nyumbani tu. Baba yake alikuwa anajua kazi ya uashi, na mtoto naye akaanza kuchonga vipande vya mti na mawe huko huko malishoni.

Karibu mwaka 1900 alipelekwa katika muji wa Split kujifunza kazi kwa fundi wa mawe, Pavle Bilinić. Split ilijengwa ndani ya jumba la zamani la Diocletian, mfalme wa Warumi, kwa hiyo kijana alikuwa anaona kazi za mafundi wa kale kila siku. Mwaka 1901 aliingia Akademi ya Sanaa ya Vienna. Baadaye alifanya kazi Paris, na Auguste Rodin, mchongaji mkubwa wa Ufaransa, akawa rafiki yake.

Ubishi wa Roma

Siku hizo Kroatia ilikuwa chini ya ufalme wa Austria-Hungaria. Mwaka 1911 kulikuwa maonyesho makubwa ya sanaa huko Roma. Meštrović alikataa kuweka kazi zake katika jumba la ufalme huo, akaziweka katika jumba la Serbia, kwa kuwa aliamini Waslavi wa kusini wanapaswa kuungana na kujitawala. Hapo hapo akapata tuzo ya kwanza ya uchongaji. Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza alikuwa mkimbizi wa siasa, na mwaka 1915 kazi zake zilionyeshwa London katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert.

Vita vilipokwisha alirudi Zagreb, akafundisha na kuongoza Akademi ya Sanaa. Mwaka 1928 sanamu zake mbili za Wahindi Wekundu juu ya farasi zilisimamishwa Chicago. Mmoja anavuta upinde, mwingine anarusha mkuki, lakini upinde na mkuki wenyewe havipo. Fundi alimwachia mtazamaji avione kwa akili yake.

Mwaka 1929 Split ilipata sanamu ya Grgur wa Nin, askofu wa karne ya 10 anayekumbukwa kwa kutetea lugha ya watu katika ibada, wakati wengine walitaka Kilatini tu. Jeshi la Italia lilipoteka muji huo mwaka 1941, sanamu iliondolewa. Ilirudishwa muda mrefu baada ya vita, na leo iko nje ya Lango la Dhahabu. Watu wanaopita wanagusa kidole kikubwa cha mguu wake kutafuta baraka, mpaka kidole kimeng'aa.

Gereza, kisha ugenini

Mwaka 1941 pia, utawala wa Ustaša, rafiki wa Hitler, ulimkamata Meštrović na kumfunga Zagreb kwa miezi kadhaa. Vatikani ilisaidia atoke. Alikwenda Italia, kisha Uswisi. Mke wake wa kwanza, Ruža, alikuwa wa familia ya Kiyahudi, na jamaa zake wengi waliuawa katika vita hivyo.

Vita vilipokwisha, serikali ya Tito ilimwita arudi nyumbani. Alikataa, sababu hakutaka kuishi chini ya ukomunisti. Mwaka 1947 alifika Marekani kufundisha katika chuo kikuu cha Syracuse, na mwaka huo huo jumba la Metropolitan la New York likaonyesha kazi zake. Tangu 1955 alifundisha Notre Dame, jimbo la Indiana.

Lakini kukataa serikali hakukuwa kukataa inchi. Mwaka 1952, akiwa bado ugenini, aliwapa watu wa Kroatia nyumba yake ya Zagreb, jumba lake la Split na sanamu zaidi ya 100. Mwaka 1959 alikwenda kutembelea kwao, kisha akarudi Marekani.

Kaburi la kijijini

Alipokufa, mwili wake ulirudishwa Otavice, katika kanisa alilolijenga mwenyewe juu ya kilima kwa ajili ya kaburi la familia. Hata hapo hakuachwa. Wakati wa vita vya 1991 mpaka 1995 kanisa hilo liliharibiwa na makaburi yakavunjwa. Baada ya vita lilitengenezwa tena.

Leo nyumba ya Zagreb na jumba la Split ni makumbusho yaliyo wazi kwa kila mtu. Serikali zilizomfunga na zilizomwita zote zimekwisha. Sanamu alizoachia watu bado zipo, na watoto wa shule wanapelekwa kuziona.