Stelingi hafi: sizoni ya mwisho ya Prison Break ilivyofika Kate

Nilipotea, lakini si mnajua tena mambo ya UE. Karatasi ya mwisho nimefanya juzi, nikalala kama gogo, leo nina nguvu za kuandika.

Muhula huu tulikuwa na kozi ya historia ya masimulizi. Kila mmoja aliambiwa aende kwao, aulize watu, aandike jambo moja lililotokea. Wenzangu wameandika wamisionari, vijiji vya ujamaa, vita ya Kagera. Mimi wa Ufipa nilitegemewa kuandika malungu, yale matanuru marefu ya kuyeyushia chuma, au watawala wa Nkansi na Lyangalile. Ni historia nzuri sana na ina vitabu vyake tayari. Sasa nimefika Kate na daftari langu, kila mtu wa rika la kaka yangu ninayemuuliza "mwaka 2009 unakumbuka nini?" ananijibu kitu kimoja: ndio mwaka aliokufa Scofield.

Basi nikaandika hicho. Hapa nawaletea ile sehemu ambayo haikuingia kwenye karatasi ya mwalimu.

Kwa mdogo wangu wa first year ambaye hajui: Prison Break ilianza kuonyeshwa Marekani kwenye stesheni ya Fox tarehe 29 Agosti 2005. Injinia mmoja, Michael Scofield (Wentworth Miller), ana kaka yake Lincoln Burrows (Dominic Purcell) aliyehukumiwa kifo kwa mauaji ambayo hakuyafanya. Michael anajichora mwili mzima tatuu zenye ramani ya gereza zilizofichwa, anavamia benki makusudi ili afungwe gereza hilohilo, kisha amtoe. Ndugu kumfia ndugu. Hadithi hiyo hata babu yangu asiyejua Kiingereza aliielewa kwa kuelezwa mara moja tu.

Sasa inafikaje Kate? Televisheni na sisi wa bara tumefahamiana juzi tu. Zanzibar walikuwa na yao ya rangi tangu 1973, huku bara tukangoja mpaka 1994 vituo binafsi kama ITV vilipoanza, na ya serikali, TVT, ikaja karibu na mwaka 2000. Hiyo ni Dar es Salaam. Sumbawanga mjini umeme wenyewe wakati ule ulikuwa unatoka Zambia, kupitia Mbala. Kate hatukuwa na huo hata wa Zambia. Tulikuwa na banda: kuta za matofali ya kuchoma, bati, mabenchi, tivii moja ya kichogo, deki, na jenereta dogo la Tiger lililowekwa nje nyuma ya ukuta ili lisipige kelele sana. Lilipiga kelele vilevile.

Diski zilitoka Kariakoo. Zilipanda basi mpaka Mbeya, Tunduma, halafu ile barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga, kilomita zaidi ya 220 za vumbi na mashimo, maana lami yake, iliyojengwa kwa fedha za MCC za Wamarekani, ilikuja miaka ya baadaye. Kutoka Sumbawanga zilipandishwa gari la Kate pamoja na sabuni na chumvi. Zilikuwa za wizi, tuseme ukweli. Sheria ya hakimiliki tulikuwa nayo tangu 1999, lakini katika wote niliowahoji hakuna aliyewahi kuona diski halali ya Prison Break kwa macho yake. Na mimi simlaumu mwenye banda. Duka halali la kuuza diski lingefika Kate mwaka gani? Ila najua pia kwamba njia hiyohiyo ndiyo iliyowanyonya wacheza filamu wetu wa Bongo, mpaka mwaka 2013 serikali ikaanza kubandika stempu za kodi kwenye diski za muziki na filamu. Hapo nawaachia watu wa sheria mbishane.

Lugha je? Miaka hiyo mjini walikuwepo watafsiri wenye majina, mkubwa wao Kapteni Derek Mukandala, yule tuliyemjua kama Lufufu, anayeongea juu ya filamu kwa Kiswahili na kuongeza chumvi zake. Waganda nao wana ma-VJ wao, akina VJ Jingo. Prison Break iliyofika kwetu ilikuja kavu, Kiingereza kitupu, na maandishi ya chini yaliyotafsiriwa sijui kutoka Kichina, hayaendani na kinachosemwa. Kwa hiyo mtafsiri akawa kaka yangu. Alikuwa amemaliza form six, yupo nyumbani anasubiri matokeo ya maisha. Anasimama pembeni ya tivii na fimbo, anaingia bure, na mimi nikiwa darasa la kwanza naingia bure kwa mgongo wake. Watu wameniambia T-Bag wa kaka alikuwa na lafudhi ya Kifipa kabisa, anasalimia watu kabla ya kuwachoma kisu.

Chanzo changu bora kuliko vyote ni daftari la madeni la mwenye banda. Bado analo! Limeliwa na mchwa pembeni, lakini tarehe zinasomeka. Kiingilio shilingi 100, na wasiolipa wameandikwa kwa majina ya utani (sitayataja, wengine sasa ni waheshimiwa). Kwa daftari hilo sizoni ya nne ilianza usiku wa Ijumaa, 7 Agosti 2009, mkesha wa Nane Nane. Mahindi yameshavunwa, pesa ipo kidogo, na baridi ya Ufipa ya mwezi huo mnaijua nyie mliowahi kufika, watu wamekuja na mablanketi.

Marekani ile sizoni ilianza 1 Septemba 2008. Walikuwa wanapewa kipande kimoja kila Jumatatu. Desemba wakasimamishiwa, Januari 2009 Fox wakatangaza kwamba hii ndiyo ya mwisho, Aprili ikarudi imehamishiwa Ijumaa, na mwisho wake ukaonyeshwa 15 Mei 2009. Hesabuni wenyewe: toka hapo mpaka banda linawaka Kate ni wiki 12 kamili. Ila Mmarekani alivumilia miezi minane na nusu kufika mwisho, na sisi tuliimaliza kwa usiku nne. Episodi 22 za dakika kama 43 ni karibu saa 16. Jenereta linawashwa saa moja jioni, linazimwa saa tano. Kinachoitwa "msimu" kule, kwetu kilikuwa gunia moja linalofunguliwa na kuliwa lote.

Nadhani ndiyo maana sisi tuliumia zaidi. Ukingoja wiki nzima unapata muda wa kujiandaa. Yule jamaa anatokwa damu puani usiku wa kwanza, usiku wa pili unaambiwa ana uvimbe kwenye ubongo, usiku wa nne unaonyeshwa kaburi.

Maana ndivyo ilivyoisha. Baada ya kuhangaika na hiyo Scylla yao, baada ya wakala Don Self kuwasaliti, baada ya kila mtu kusamehewa makosa yake, ghafla wanaandika kwamba imepita miaka minne. Sara yupo na mtoto. Lincoln, Sucre na Mahone wapo. Wanaenda mahali, kamera inashuka, jiwe la kaburi, jina la Michael Scofield. Diski imeisha.

Hapo inabidi niwaeleze sheria ya banda. Kila mtoto wa Kitanzania aliyekulia mabandani anaijua: stelingi hafi. Stelingi anapigwa, anafungwa, anatupwa mtoni, wenzake wote wanakufa, yeye hafi. Commando hakufa, Rambo hakufa. Ukilipa shilingi mia unalipia hilo. Kwa hiyo kaka alipotafsiri lile jiwe, watu walidhani kakosea. Wakamwambia arudishe nyuma. Akarudisha. Wakamwambia asome herufi moja moja. Mmoja akadai diski ni feki, ya kweli ipo Mbeya. Jenereta likazimwa, mjadala ukahamia nje gizani, na wote niliowahoji wanakubaliana kwamba hakuna aliyelala kabla ya saa saba.

Nimeusikiliza ule mjadala kwa midomo ya watu sita tofauti, na nawaambia wana historia wenzangu, ule ulikuwa ubishi wa ushahidi kabisa. Fundi baiskeli mmoja ndiye aliyesimama upande wa "hajafa". Hakulia wala hakutukana, alitaja kesi zilizopita. Sara, alisema, sizoni ya tatu tulioneshwa kichwa chake kwenye boksi, akarudi mzima sizoni ya nne. Mama yao Michael, marehemu tangu mwanzo, ameibuka hai juzi hapa. Kellerman alipigwa risasi sizoni ya pili, leo katokea na suti yake. Kwenye hii tamthilia kufa ni kusafiri.

Kaka yangu alikuwa upande wa "amekufa". Naye alikuwa na kesi yake: Bellick. Bellick kafa sizoni hiihii, wakamzika, hakurudi. Na damu puani? Na uvimbe? Mtu akiandaliwa hivyo anaandaliwa kweli. Halafu Marekani kumetangazwa kwamba ni sizoni ya mwisho, atarudi lini?

Wakawekeana shilingi elfu tano. Elfu tano ya 2009 kwa fundi baiskeli si mchezo. Mashahidi wapo, na kwenye daftari la madeni ukurasa wa nyuma imeandikwa kwa kalamu nyekundu: "Skofildi 5,000", na majina mawili.

Bibi yetu hakuwahi kuingia bandani maisha yake yote. Asubuhi yake alisimuliwa huku anapembua maharage. Akauliza: mwili waliuona? Kaka akasema hapana, kaburi tu. Bibi akasema, "Basi huyo kachukuliwa msukule." Watu wakacheka. Sisi wa Rukwa tumetaniwa uchawi nchi nzima, eti hata jina la Sumbawanga maana yake ni tupa uchawi, kwa hiyo ukisema msukule mbele ya mtu aliyemaliza form six anaona unamwaibisha. Kaka alimwomba bibi asiseme hivyo mbele za watu.

Desemba ikaja diski nyingine. Kumbe kulikuwa na kipande cha ziada, The Final Break, kilichotoka 2009 hiyohiyo, kinachoeleza alivyokufa: Sara kafungwa gereza la wanawake, Michael anajitoa mhanga kwenye umeme ili mlango ufunguke. Kaka akadai hela yake. Fundi akagoma: mwili uko wapi? Mlipuko na cheche anaziona, maiti haoni. Wenye akili zao walimwona king'ang'anizi, na deni likalala.

Hapo katikati mambo mengi yalibadilika. Usiku wa mwisho wa 2012 Dar es Salaam wakazimiwa mitambo ya analojia, ving'amuzi vikaanza safari ya kuja mikoani. Simu zikawa na memori kadi, unaingiziwa sizoni nzima dukani kwa buku. Mwenye banda alihamia kwenye mpira, Ligi Kuu ya Uingereza, na anasema wazi mpira unalipa kuliko filamu kwa sababu hauwezi kuutazama wiki ijayo. Kaka akawa mwalimu Mpanda. Fundi akahamia Tunduma kwenye biashara. Kwa maoni yangu ndicho kilichokufa kweli, ile kukaa watu 40 mkaona jiwe moja kwa wakati mmoja na mkabishana mpaka saa saba. Mimi sizoni ya tano niliitazama peke yangu, nimejifunika shuka bwenini, kwenye simu ya kuazima.

Ndiyo, sizoni ya tano. Tarehe 4 Aprili 2017 Fox wakairudisha, episodi tisa tu. Na inaanzaje? Inafika habari kwamba Michael huenda yupo hai. Lincoln anaenda kulifukua kaburi, hakuti maiti. Mtu yupo gerezani Sana'a, Yemen, kwa jina jingine. Yupo mkubwa mmoja anaitwa Poseidon aliyemlazimisha "kufa", akamtenga na mke na mtoto, akamfanyisha kazi zake miaka yote hiyo huku nyumbani wanaweka maua kaburini.

Jamani! Nisomeeni tena hiyo sentensi taratibu. Mtu amezikwa, ndugu wamelia, kumbe yupo mahali anamtumikia aliyemchukua, hawezi kurudi kwao. Kwa Kiswahili hiyo hali ina neno moja tu, na bibi alilisema mwaka 2009 akiwa na ungo mkononi.

Nilimpigia likizo ile nikamsimulia yote. Nilipofika kwenye kufukua kaburi akanikatiza: "Walikuta mgomba?" Nikamwambia hapana bibi, Wamarekani hawaweki mgomba. Akaguna, kama mtu aliyeona kazi haikufanywa vizuri.

Kaka alikuwa mgumu kidogo. Alidai sizoni ya tano haihesabiki, kwamba dau lilikuwa la sizoni ya mwisho na ya mwisho ilitangazwa kuwa ya nne. Kwa upande wa sheria za madau sidhani kama alikuwa amekosea kabisa, na mwaka 2020 Miller mwenyewe alitangaza kwamba hamchezi tena Michael, kwa hiyo hata hiyo mwisho-mwisho tumeipata kwa njia nyingine. Lakini shinikizo lilikuwa kubwa. Mwenye banda alimpigia akamsomea ukurasa mwekundu neno kwa neno. Juni 2017 kaka akatuma elfu tano kwa M-Pesa kwenda Tunduma, na ya kutolea juu.

Baada ya dakika kama kumi ikaingia meseji. Kaka ameitunza, nimeiona kwa macho yangu: "Nimepokea mwalimu. Na riba ya miaka minane je?"